Kibali changu cha kazi Ujerumani kilikwama kwenye kabati la chuo

Watu wakiniuliza ulipataje kibali cha kufanya kazi Ujerumani wanategemea nianze na ubalozi au na lugha, mi huwa naanza na kabati moja la chuma lina kutu, liko ofisi ya taaluma ya chuo nilichosoma, maana mambo yangu yalilala humo karibu miezi minne wakati viza yenyewe ilipofika zamu yake ilichukua wiki tatu tu.

Mimi ni nesi, diploma ya miaka mitatu, nikafanya kazi hospitali ya wilaya miaka minne, kwanza wodi ya wanaume afu wazazi. Sababu za kuondoka sina haja ya kuzipamba, mshahara ulikuwa unaisha tarehe kumi na kuna wadogo zangu wawili wanasoma. Nikaanza Kijerumani 2022, jioni baada ya shifti, na mwaka huohuo nikaliwa laki nane na wakala.

Huyu wakala alikuwa na ofisi nzuri tu, feni, bendera ndogo ya Ujerumani mezani, na kauli yake ilikuwa miezi mitatu una kibali mkononi, lugha utajifunzia hukohuko. Nikatoa laki nane ya "kufungua faili". Baada ya miezi mitatu akaniambia faili liko Berlin, baada ya sita simu haipokelewi, afu siku moja napita pale nakuta wanauza nguo za watoto. Nililia, ila kilichoniuma zaidi ni nilichokuja kujua baadae. Tanzania iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uhaba mkubwa wa wahudumu wa afya, na sheria ya Ujerumani inasema kwa nchi zilizo kwenye orodha hiyo wakala binafsi haruhusiwi kabisa kuja kusaka manesi, mwenye ruhusa ni shirika lao la ajira la serikali tu, Bundesagentur für Arbeit. Yani yule jamaa hata angekuwa mkweli bado angekuwa anavunja sheria. Ila wewe mwenyewe kutafuta kazi na kuandika barua kwa mwajiri ni ruksa, hakuna anayekukataza, na hiyo njia haina ada ya kufungua faili. Kenya haimo kwenye ile orodha kwahiyo wenzetu wa huko mambo yao yanaenda tofauti, usichukue ushauri wa rafiki yako wa Nairobi ukaubeba mzimamzima.

Basi nikawa naingia tovuti ya serikali yao inaitwa Make it in Germany, ipo bure, natafuta nyumba za kulelea wazee maana ndo zina uhaba sana wa watu, naandika imeili kwa Kijerumani changu cha kuungaunga. Niliandika nyingi mno. Wengi hawakujibu, wawili walijibu asante hapana, mmoja wa mji mdogo huko jimbo la Hessen akajibu tuongee kwa video. Hapo nilikuwa nimeshapata cheti cha Kijerumani cha ngazi ya B1 pale Goethe-Institut Dar, kituo cha lugha cha Wajerumani, na hicho cheti nacho nilikipata kwa vipande, maana mtihani una sehemu nne na kila moja lazima upate 60 kwa 100, mi kusoma, kuandika na kuongea nilipita, kusikiliza nikapata 53, nikarudia hiyo moja tu. Kumbe inaruhusiwa, wengi hawajui wanarudia na kulipia zote nne.

Mwajiri akanitumia mkataba mwanzoni mwa 2024, kazi ianze mwezi wa saba. Nikaruka ruka chumbani kama mtoto. Sikujua kwamba mkataba ni karatasi ya kwanza kwenye foleni ndefu, na kila karatasi inasubiri iliyo mbele yake.

Nieleze kidogo hapa maana ndo penye utata. Kwa nesi Wajerumani hawakupi kibali kwa sababu una mkataba tu, wanataka kwanza diploma yako ilinganishwe na ya kwao, hiyo wanaita Anerkennung. Kuna mamlaka ya jimbo inakaa na vyeti vyako inahesabu. Wao nesi wao anasoma miaka mitatu, saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za vitendo, jumla 4,600, kwahiyo na wewe wanataka kuona saa. Ukipungukiwa wanakuandikia barua inaitwa Defizitbescheid, inasema umepungua hiki na kile, na kwa hiyo barua ndo unaombewa viza ya kuja kufidia ulichopungukiwa huku unafanya kazi kama msaidizi. Jina lake baya lakini hiyo barua ni dhahabu, usiogope neno Defizit.

Mwajiri wangu alichagua njia ya haraka, analipa euro 411 kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, mi namtumia barua ya kumpa mamlaka anisimamie, na kwa njia hiyo mamlaka ya vyeti inatakiwa ijibu ndani ya miezi miwili. Nikahesabu kwenye vidole nikaona mwezi wa saba nafika. Ambacho sikukisoma ni maneno madogo yanayofuata, kwamba hiyo miezi miwili inaanza kuhesabiwa siku faili limekamilika. Na faili langu halikukamilika. Ikaja barua: transkripti yako ina maksi, haina saa. Tuletee saa za kila somo, za darasani na za wodini, kwa karatasi ya chuo, mhuri kila ukurasa.

Nikaomba ruhusa kazini nikapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi kwenda chuo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, we si ulishamaliza zamani, umefuata nini tena?"

Nikamweleza. Mama wa taaluma akavua miwani akaniangalia. "Transkripti unayo, maksi zako nzuri ziko pale, sasa saa za nini? Kwani huko watakulipa saa ulizokaa darasani?"

Tukacheka wote wawili, na wala sio kosa lake, hajawahi kuombwa na mtu kitu kama hicho. Akaniambia mtaala wa zamani upo kwenye kabati, funguo anayo mwenzake, mwenzake yuko likizo. Nikarudi wiki iliyofuata, funguo ipo, mwenye kusaini hayupo. Nikarudi tena mtaala tumeupata ila ni wa waliotutangulia, wetu ulibadilishwa. Kila safari ni nauli na siku moja ya kazi, na kule Ujerumani mwajiri anaandika imeili za upole zinazozidi kuwa fupi.

Safari ya nne nikaamua kazi hii naifanya mwenyewe. Nikamwomba mama anipe ratiba za mizunguko ya wodi za miaka yetu, akanifungulia lile kabati, yakatoka mafaili yana vumbi mpaka nikapiga chafya mfululizo, na mimi logibuku yangu ya vitendo nilikuwa nimeitunza, asante mama yangu mzazi ambaye hatupi karatasi. Nikakaa kwenye benchi la korido nahesabu, wodi ya upasuaji wiki ngapi mara siku ngapi mara saa ngapi, watoto, wazazi, magonjwa ya akili, zahanati ya kijijini. Mwishoni nikafika mstari wa huduma ya wazee, nikatafuta kote, sifuri. Somo hilo hatukuwahi kulisoma kama somo. Kwetu kumtunza mzee hufundishwi, bibi yuko chumba cha pili tangu unazaliwa, unamwogesha unamlisha unambeba, ila haina saa na haina mhuri.

Nikaenda steshenari nje ya geti, mia tano kwa ukurasa, nikachapa jedwali mwenyewe la kurasa sita, nikalirudisha, mama akalikagua mstari kwa mstari na logibuku, akanikosoa sehemu mbili, mkuu akasaini, mhuri ukagongwa mara sita. Usiku nyumbani ndo naona nimeandika Pedriatic badala ya Pediatric. Nikasema potelea mbali, sirudi.

Kuna jambo jingine dogo lilinitoa jasho wakati huohuo. Cheti changu cha kuzaliwa kina herufi moja pungufu kwenye jina kulinganisha na pasipoti, herufi h tu, baba ndo alilitaja hivyo siku ya kuandikisha na miaka thelathini hakuna aliyejali. Mjerumani anajali. Kwake hao ni watu wawili. Nikaenda kwa wakili nikaapa hati ya kiapo kwamba mimi na yule asiye na h ni mtu mmoja, nayo ikatafsiriwa. Na tafsiri hafanyi shangazi yako anayejua Kijerumani, lazima mtafsiri aliyeapishwa, analipwa kwa ukurasa, kwahiyo kila karatasi unayoongeza inakula hela. Vyeti, transkripti, jedwali la saa, leseni, barua ya baraza la uuguzi kwamba sina kesi, ile hati ya kiapo, jumla kama euro mia sita, na hiyo ndo hela kubwa niliyotoa mfukoni mwangu safari nzima ukiacha laki nane za yule wakala. Tena fanya hivi, kabla hujalipa mtafsiri hata senti panga vyeti vyote mezani, kuanzia cha kuzaliwa mpaka leseni, soma jina lako kwa sauti herufi kwa herufi.

Defizitbescheid ikaja, na kama nilivyotegemea iliandika wazee, na mambo mengine mawili matatu. Ikaniambia nichague, mafunzo ya kufidia au mtihani wa maarifa, Kenntnisprüfung. Baada ya hapo mambo yakakimbia. Ofisi ya wageni ikatoa idhini ya awali, mwajiri akaituma kwa DHL, ubalozini Umoja House nikapewa apointimenti, euro 75 unalipa kwa shilingi, alama za vidole, maswali matano kuhusu kazi nitakayofanya (jibu kwa Kijerumani hata kama unatetemeka), wiki tatu pasipoti imerudi na viza ya miezi sita. Kazi ikaanza mwezi wa kumi badala ya wa saba. Mwajiri alinisubiri. Nafahamu wasiosubiriwa.

Viza sio kibali chenyewe, hilo nalo niseme. Ni ya kukuingiza. Ukifika unajiandikisha mtaa unapokaa ndani ya wiki mbili, na hapo unahitaji karatasi ya mwenye nyumba kwamba kweli unakaa kwake, bila hiyo hawakuandikishi, na bila kuandikishwa huombi kadi ya ukaazi, ambayo ndo kibali chenyewe. Mi nilikaa chumba cha mwajiri kwahiyo ilikuwa rahisi. Afu ndo unaenda ofisi ya wageni kuomba kadi, euro mia, inachapwa Berlin. Kwenye mji wetu apointimenti zilikuwa mbali mno, viza ikawa inakaribia kuisha sina kadi, nimepiga simu mpaka nimeijua ile muziki ya kusubirishia kwa kichwa. Nilichoambiwa na dada mmoja Mkamerun kazini kikaniokoa: omba kabla viza haijaisha, kwa maandishi, tunza ushahidi. Nikaomba kwa imeili miezi miwili kabla, wakanipa karatasi ya muda, Fiktionsbescheinigung, inayosema haki zako za viza zinaendelea mpaka tukuamulie. Humo ndani kuna visanduku, kimoja kimewekwa alama, na hicho ndo kinaamua kama unaweza kutoka nchini ukarudi au ukitoka umetoka. Mwenzangu mmoja hakuangalia kisanduku akakata tiketi ya harusi ya kaka yake, bahati nzuri akashtuliwa kabla ya siku, tiketi ikapotea.

Kadi ilipokuja ina maandishi madogo, tazama karatasi ya nyongeza. Karatasi yenyewe ni ya kijani, imekunjwa, wengi wanaitupa kwenye droo maana kadi ndo inang'aa. Sasa hapo kwenye kijani ndo pameandikwa kibali chako kinaruhusu nini. Yangu ilisema msaidizi wa uuguzi, kwa mwajiri fulani, jina lake limeandikwa kabisa. Maana yake siwezi kuamka nikahamia nyumba ya wazee ya jirani wanaolipa zaidi bila kuomba kwanza. Ya yule mwenzangu wa tiketi ilimruhusu na saa kadhaa za kazi nyingine pembeni, yangu haikutaja, na tulikuja mwaka mmoja, kazi moja. Kwahiyo mtu akikwambia "sisi wa viza hii tunaruhusiwa" mwambie lete kijani chako nikione.

Kazi ya usaidizi inanyenyekesha. Nyumbani nilikuwa naweka kanula ya dripu usiku wa manane kwa tochi ya simu, hapa mwaka mzima naogesha, nalisha, nabadilisha pampasi, sigusi hata kidonge. Nilianza na euro 15.50 kwa saa, ndo kima cha chini cha msaidizi kwenye nyumba za wazee wakati ule, Julai 2025 kikapanda kuwa 16.10, na nesi kamili kima chake kikawa 20.50. Hiyo tofauti nilikuwa naizidisha kwa saa za mwezi kila nikipiga mswaki. Ila bibi wa chumba cha mwisho ndo alinifundisha Kijerumani kuliko darasa lolote, alikuwa mwalimu wa shule enzi zake, ukikosea anakugonga mkono na kijiko mpaka urudie. B2, ngazi inayofuata B1, nimeipata kwa kijiko kile, na bila B2 cheti cha uuguzi hutolewi hata ukifaulu mtihani.

Mimi nilichagua mtihani, ile Kenntnisprüfung. Una vitendo na mahojiano, mahojiano hayapungui dakika 45 na hayazidi 60, ukifeli unarudia mara moja tu basi. Vitendo nilipita, wakati napaka dawa ya mikono nahesabu kimoyomoyo moja mpaka thelathini kwa Kiswahili maana sekunde thelathini wanazikagua kweli. Mahojiano nikafeli. Wananipa kisa cha mgonjwa, mi naanza na dawa na dozi, nimejaa maarifa ya wodi, na wao wanataka nipange huduma, mgonjwa anahitaji nini, lengo nini, utajuaje limefikiwa. Kupanga huduma kwa sheria yao ni kazi ya nesi peke yake, hata daktari haingilii, na mimi nilikuwa najieleza kama mtu anayesubiri maagizo. Wiki nane nikafanya mazoezi ya kupanga, naandika mpango wa huduma mpaka wa jirani yangu mwenye mafua. Mara ya pili nikapita.

Nikadhani kesho yake ni 20.50. Meneja akanionyesha kijani, akaweka kidole kwenye neno msaidizi. Cheti kipya, Urkunde, kinaniita Pflegefachfrau, yani nesi kamili, lakini kibali bado kinaniita msaidizi, na kibali ndo kinachosema nifanye kazi gani. Maombi mapya, picha mpya, karibu euro mia nyingine, ofisi ileile, muziki uleule. Ilichukua wiki tisa. Safari hii nilikuwa nimeshajiandaa, maombi niliyajaza siku niliyopokea matokeo nikayaacha yanasubiri Urkunde tu.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa chuo chetu alinitumia faili lake WhatsApp nimwangalizie kabla ya kulipia tafsiri. Nikafungua, kurasa sita, jedwali la saa, mistari ileile, upana uleule wa safu, jina tu ndo lake. Ukurasa wa tatu nikakutana na Pedriatic yangu imekaa imetulia na mhuri juu yake. Nikamwandikia: "Mdogo wangu, hapo kuna kosa la herufi, rudi wakuchapie upya."

Akajibu: "Dada niliwaambia. Mama kasema hiyo ndo fomu ya Ujerumani, haibadilishwi."